Kibodi ya mekanika iliyoharibika baada ya kusafishwa kwa maji: dalili, sababu na matengenezo

"Fundi, sikuimwagia kitu, niliisafisha tu." Wengi wanaoleta kibodi zao kutengenezwa hapa Goma huanza na maneno hayo, na mara nyingi wanasema kweli. Vumbi jeusi la lava, ambalo huingia hata katika chumba kilichofungwa madirisha, liliifanya kibodi ikwaruze. Mwenyewe akachukua kitambaa chenye maji ya omo, au akaipulizia dawa ya kuua vijidudu, au akaishika chini ya bomba, kisha akaifuta na kuichomeka, na baada ya dakika au siku chache ikaanza kuandika mambo ambayo hakuna aliyeyabonyeza. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malalamiko hayo jinsi yanavyosikika, na chini ya kila lalamiko sababu zinaanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi.

Maji peke yake ni nadra kuiua kibodi ya aina hii. Kinachoiua ni umeme unaopita ndani yake wakati bado kuna unyevu, pamoja na mabaki yanayosalia maji yakishakauka: chumvi, sabuni, klorini, na vumbi lililogeuka tope. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, mwulize mwenye kibodi, au ujiulize mwenyewe, ilisafishwa kwa maji gani na ilichomekwa baada ya muda gani. Majibu hayo mawili hufupisha kazi kuliko kipimo chochote.

Kabla ya kuanza

Hakikisha kwanza kwamba ni kibodi ya mekanika. Ng'oa kifuniko cha kitufe kimoja. Ukikuta chini yake kijisanduku cha plastiki chenye mguu wa msalaba unaopanda na kushuka kwa springi, uko mahali pako. Ukikuta kikombe laini cha mpira, hiyo ni kibodi ya tabaka za plastiki, na mengi yaliyoandikwa hapa hayaihusu.

Chomoa waya. Kama kibodi ina betri, zima swichi yake na usiichaji. Ng'oa vifuniko vyote vya vitufe, ukiwa umepiga picha kwanza ili ujue kila kimoja kinarudi wapi, kisha ifudikize juu ya taulo. Iache hivyo kwa siku mbili hadi tatu mahali penye kivuli na hewa inayopita, au mbele ya feni umeme ukiwepo, na wakati wa mvua ongeza siku moja. Kwa kuwa upepo wa Goma huleta vumbi, funika juu kwa kipande cha chandarua. Usiianike kwenye jua kali, usiiweke juu ya mbabula (jiko la makaa), na usitumie kifaa cha kukaushia nywele kikiwa kimewashwa joto, kwa sababu plastiki hupinda na grisi huyeyuka ikaingia pasipotakiwa. Kuhusu kuifukia kwenye mchele, mchele haufyonzi unyevu uliojificha ndani ya swichi, bali huongeza unga na punje ndogo zitakazokupa kazi nyingine.

Wakati inakauka, fikiria kile kimiminika. Maji ya bomba ya mji huu huvutwa kutoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yana madini mengi yaliyoyeyuka. Yakikauka huacha utando mweupe unaovuta unyevu na kupitisha umeme. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hayana usalama zaidi, kwa kuwa moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia asidi, nalo bati huyaongezea vumbi. Kibaya kuliko vyote ni maji ya klorini. Tangu mlipuko wa Ebola wa miaka ya 2018 hadi 2020, watu wengi wamezoea kuwa na ndoo ya klorini mlangoni, na mkono uliozoea kunyunyizia vitasa vya milango hunyunyizia na kibodi. Mchanganyiko wa asilimia 0.05 wa kunawia mikono tayari hula chuma polepole. Ule wa asilimia 0.5 wa kusafishia vifaa unaweza kuzitia kutu springi na kuugeuza ubao wa saketi rangi ya kijani katika muda mfupi sana. Maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo, ni ndugu yake. Kama kibodi yako ilipata mojawapo ya hayo, usisubiri ikauke: isuuze mara moja kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa alkoholi, ndipo uikaushe.

Maji yaliyotoneshwa, ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya distile, hupatikana panapouzwa betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu kando yake mara nyingi huwekwa chupa za asidi ya betri zinazofanana nazo. Alkoholi inayofaa ni ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 na zaidi. Ile ya asilimia 70 ina karibu theluthi moja ya maji. Inaweza kusaidia pale ambapo hakuna nyingine, mradi uiache ikauke siku nzima. Jeli ya mikono haifai kabisa, maana ina vilainishi vinavyobaki vikinata. Na lotoko, hata iwe kali kiasi gani, ni kinywaji.

Onyo ambalo ni la maisha zaidi kuliko la kibodi: mvuke wa alkoholi hushika moto upesi. Usifanye kazi hii kwa mwanga wa mshumaa umeme ukikatika, wala katika chumba chenye mbabula iliyowashwa, na fungua madirisha. Giza likikukuta, funga chupa uendelee kesho.

Vifaa vingine ni mswaki laini, bomba la sindano kutoka duka la dawa, kibano, bisibisi ndogo, kivuta vifuniko au waya mwembamba uliokunjwa, na multimita, yaani kipima umeme, ya bei ya chini. Pasi ya kulehemu itahitajika kwa baadhi ya kazi tu. Fanya majaribio yote kwenye kompyuta ya zamani ambayo haitakuumiza sana ikipata hasara, kwa sababu kibodi yenye shoti inaweza kuharibu tundu la USB.

Kibodi haiwaki wala haitambuliwi

Sababu ya kawaida kuliko zote ni unyevu uliobaki. Watu husubiri usiku mmoja, wanaiona imekauka juu, wanaichomeka. Chini ya swichi na chini ya chipu maji hukaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kama haijatimiza siku mbili, chomoa na usubiri. Kuichomeka kila baada ya saa moja ili kuona kama imepona ndiyo njia ya uhakika ya kuugeuza unyevu wa muda kuwa kutu ya kudumu.

Inayofuata ni waya. Jaribu waya mwingine na tundu jingine, ukikumbuka kwamba nyaya nyingi za USB-C zinazouzwa kwa ajili ya simu hupeleka umeme wa kuchaji tu na hazina njia za data. Kibodi inaweza kuwaka taa zake zote na bado isiandike herufi hata moja, kwa kuwa taa zinahitaji volti 5 tu, ilhali kuandika kunahitaji data. Angalia pia ndani ya tundu la kibodi lenyewe: pini zikiwa na rangi ya kijani au nyeupe, zisafishe kwa mswaki uliochovywa katika alkoholi, kisha uache paka­uke.

Ikiwa bado imekufa, fungua bodi, yaani kasha la nje. Kibodi nyingi zina kiunganishi kidogo kati ya tundu la USB na ubao mkuu; kichomoe, kisafishe, ukirudishe. Baada ya hapo, kabla ya kuichomeka tena, weka multimita kwenye kipimo cha omu na upime kati ya waya mwekundu, unaoleta volti 5, na waya mweusi wa ardhi. Kipimo kikikaribia sufuri, kuna shoti, na kibodi hiyo isichomekwe popote hadi shoti ipatikane. Mara nyingi huwa ni tope lililokauka kati ya pini mbili, nalo hutoka kwa mswaki. Kama hakuna shoti, pima fyuzi ndogo iliyo karibu na mahali waya unapoingia. Ikiwa nzima itaonyesha omu chache tu.

Sababu ya mwisho, ambayo ni adimu lakini haina huruma, ni chipu kuu kuungua. Utaijua kwa kugusa: ndani ya sekunde chache baada ya kuchomeka, chipu inakuwa moto kiasi cha kuondoa kidole. Chomoa papo hapo. Vilevile kompyuta ikitoa onyo kwamba kifaa cha USB kinavuta umeme kupita kiasi, chomoa na usirudie jaribio. Hapa kazi ya mwenye kibodi imeisha, na fundi wa vifaa vya elektroniki ndiye anayefuata. Hata yeye anaweza kukuambia ununue ubao mwingine, kwa kuwa chipu mpya bila programu yake ya ndani haina faida.

Kitufe kimoja, au vichache vilivyotawanyika, haviitikii

Hili ndilo lalamiko linaloletwa mara nyingi zaidi, na ndilo lenye matumaini zaidi. Ndani ya kila swichi kuna vipande viwili vyembamba vya chuma. Katika swichi za kawaida zenye mwendo wa milimita 4, vipande hivyo hukutana mguu unaposhuka milimita 2 hivi. Utando wa chumvi usioonekana kwa macho unatosha kuvizuia visikutane.

Anza kwa dawa nyepesi. Kibodi ikiwa imechomolewa, bonyeza mguu wa swichi kwa ncha ya kibano, dondoshea matone mawili au matatu ya alkoholi pembeni mwa mguu huo kwa bomba la sindano, kisha bonyeza na kuachia mara hamsini kwa haraka. Fudikiza ubao ili uchafu ushuke mbali na saketi. Rudia mara ya pili, iache saa kadhaa, ndipo ujaribu. Nimeona vitufe vilivyokuwa vimekufa wiki nzima vikiamka kwa njia hii, na nimeona vingine vilivyohitaji kurudiwa mara nne, kwa hiyo usikate tamaa baada ya mara ya kwanza.

Isipofaa, inabidi ujue kama mgonjwa ni swichi au ni ubao. Kibodi ambazo swichi zake huchomolewa kwa mkono hurahisisha jambo hili: badilishana swichi hiyo na ya jirani yake. Ugonjwa ukihama pamoja na swichi, tupa swichi. Ukibaki palepale, tazama kama pini ya swichi ilijikunja wakati wa kuchomekwa, kosa ambalo wanaosafisha kwa haraka hulifanya sana, au kama soketi ya chini imebanduka kwenye ubao.

Kwa kibodi ambazo swichi zake zimelehemiwa, fungua bodi, uchomeke kibodi kwenye kompyuta ya majaribio, ufungue ukurasa wa kuandikia, kisha kwa kibano cha chuma uunganishe pini mbili za swichi hiyo kwa upande wa chini. Volti hizo ni ndogo na hazitakudhuru, ila usiguse zaidi ya pini mbili za swichi moja. Herufi ikitokea, ubao ni mzima na swichi ndiyo mbovu. Isipotokea, tatizo liko kwenye diodi, kile kipande kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, au kwenye njia ya shaba.

Diodi hupimwa kibodi ikiwa imechomolewa. Iliyo nzima huonyesha kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haipitishi. Ukiibadilisha, mstari uliochorwa kwenye mwisho mmoja wa mwili wake uelekee kama ulivyokuwa ule wa zamani. Ukiigeuza, kitufe kitabaki kimekufa ingawa kila kitu ni kipya.

Kung'oa swichi iliyolehemiwa si kazi ya kujifunzia kwenye kibodi unayoitegemea. Pasi iwe kati ya nyuzijoto 320 na 350, risasi ya zamani ya kulehemia inyonywe yote kabla ya kuvuta, na swichi itoke bila nguvu. Anayevuta kwa nguvu huondoka na kipete cha shaba kilichozunguka tundu, na hapo kazi ya dakika tano imegeuka kuwa ya nusu siku. Kama hujawahi kulehemu, mpelekee anayetengeneza redio na simu. Kwake ni jambo dogo.

Kuna kibodi ambazo swichi zake hutumia mwanga badala ya kugusanisha chuma. Hizo hazipati kutu ya aina hii, lakini tone la sabuni lililokauka mbele ya kijicho chake huzuia mwanga kama ukungu kwenye kioo. Futa kwa pamba yenye alkoholi, basi.

Mstari mzima umekufa

Kibodi yenye vitufe zaidi ya mia haina waya mia. Vitufe hupangwa kwa safu na nguzo: safu 6 na nguzo 18, kwa mfano, huhudumia vitufe 108 kwa njia 24 tu. Ndiyo maana njia moja ikikatika, vitufe sita au kumi na nane hufa kwa pamoja. Usishangae ikiwa vitufe hivyo havionekani kuwa kwenye mstari mnyoofu mbele ya macho, maana njia za shaba hupita panapomfaa aliyeuchora ubao.

Sababu ya kwanza ni mabaki kwenye miguu ya chipu kuu au kwenye kiunganishi cha utepe kama kipo. Sugua kwa mswaki na alkoholi, ukielekeza mswaki kwa urefu wa miguu, si kwa kuikata. Sababu ya pili ni njia ya shaba iliyoliwa. Tazama upande wa chini kwa mwanga unaotoka pembeni: mahali palipoliwa pana kijani, au rangi ya varnishi imefura kama ngozi iliyoungua. Vitundu vidogo vinavyopitisha umeme kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine ndivyo huliwa kwanza, kwa kuwa maji hukaa humo.

Ukipapata, thibitisha kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio: gusa pini za swichi mbili zilizo jirani kwenye njia hiyo hiyo, na pasipolia ndipo palipokatika. Matengenezo yake ni kuunganisha pini hizo mbili kwa waya mwembamba wenye ngozi, bila kuhangaika kuifufua shaba iliyokufa. Safisha kijani chote kwanza. Ukiziba kutu kwa waya au gundi bila kuiondoa, itaendelea kutembea chini kwa chini. Zikiwa zimekatika njia zaidi ya tatu au nne, simama uhesabu. Ubao unaoliwa mahali pengi haujamaliza kuliwa, na pesa ya fundi inaweza kuzidi bei ya ubao mwingine.

Kibodi inaandika yenyewe, au kitufe kimoja kinatoa herufi mbili tofauti

Chomoa kabla ya kusoma aya hii hadi mwisho, kwa sababu kibodi inayoandika yenyewe inaweza kufuta faili au kutuma barua ambayo haijakamilika. Katika ofisi moja ya kuchapa na kutoa fotokopi, mwandishi alikuta ukurasa wa hati ya mteja umejaa herufi moja, naye alikuwa amekwenda tu kunywa chai.

Hapa umeme unapita pasipo na njia. Mara nyingi ni unyevu. Siku mbili za kukauka huumaliza. Usipoisha, ni utando wa sabuni au chumvi unaounganisha pini za jirani. Utando huo una tabia ya kukuchezea: mchana kukiwa na jua kibodi hupona, jioni ukungu wa ziwa ukipanda huanza tena, na mwenyewe huamini kwamba tatizo limeisha kila asubuhi.

Dawa yake ni kuusafisha ubao wote, kwa kuwa kudondoshea hapa na pale hakutoshi. Kama swichi zinachomoka, zitoe zote, usugue ubao pande zote mbili kwa maji yaliyotoneshwa, kisha mara mbili kwa alkoholi, ukibadilisha alkoholi inapochafuka. Kama zimelehemiwa, ulaze ubao swichi zikiangalia chini, umwagie alkoholi upande wa pini, usugue, kisha uuinue mkao wa wima ili maji machafu yatoke yote. Uache siku nzima. Anayemwaga alkoholi kidogo na kuifuta kwa kitambaa huhamisha tu chumvi kutoka pini moja hadi nyingine.

Kuna kengele ya uongo inayofaa kutajwa hapa. Kibodi nyingi za hapa zina mpangilio wa Kifaransa wa AZERTY. Ukiipeleka kwenye kompyuta ya majaribio iliyowekwa mpangilio wa Kiingereza, A itaandika Q, Z itaandika W, M haitakuwa mahali pake, na tarakimu zitatoka bila kubonyeza Shift. Kibodi ni nzima. Badilisha mpangilio wa lugha kwenye kompyuta. Nimewahi kuona ubao uliooshwa mara tatu kwa kosa hili.

Herufi zinajirudia mara mbili

Vipande vya chuma ndani ya swichi hudundadunda kidogo vinapokutana, na programu ya ndani husubiri kitambo, kwa kawaida milisekunde 5 hivi, ili ihesabu mguso mmoja tu. Uchafu ukirefusha kudunda huko, mguso mmoja huhesabiwa miwili, na neno "baba" huwa "bbaba". Fanya tiba ya matone ya alkoholi kama ilivyoelezwa juu. Ikishindikana, badilisha swichi. Kwa kibodi zinazokubali kuprogramiwa, kama zile zenye programu ya ndani iitwayo QMK, unaweza kuongeza muda huo wa kusubiri ufike milisekunde 10 au 15, nawe hutahisi tofauti ukiandika. Lakini huko ni kuficha kikohozi, na mabaki yakiendelea kula chuma utalazimika kuongeza tena. Mara chache sana kosa ni risasi iliyopasuka kwenye pini. Utaitambua kwa kuwa herufi huja na kupotea ukikisukuma kitufe pembeni.

Vitufe vinanata, vinarudi polepole, au vimepoteza sauti

Vumbi la lava ni chembe ngumu za mwamba. Likiwa kavu huweza kupulizwa likatoka. Likilowa hugeuka tope, na tope likikauka ndani ya swichi linakuwa kama msasa. Kwa hiyo wakati mwingine kibodi iliyosafishwa kwa maji hunata zaidi ya ilivyokuwa chafu. Sababu nyingine ni sabuni isiyosuuzwa, na baada yake grisi ya kiwandani iliyosombwa na maji.

Suuza kwanza kwa maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa sabuni huyeyuka kwenye maji vizuri zaidi kuliko kwenye alkoholi, kisha suuza kwa alkoholi, ukaushe. Ikiwa swichi zinafunguka, zifungue kwa kuachia ndoano zake nne, ufute kila kipande, uitazame springi; yenye kutu itupwe. Grisi mpya iwe ya silikoni au ya aina maalumu ya swichi, nayo ipakwe kwa brashi nyembamba, kidogo kuliko unavyofikiri, kwenye reli za pembeni tu. Usiiguse miguu ya vipande vya chuma. Swichi zenye sauti ya "tik" zisipakwe kwenye kile kipande kinachotoa sauti, la sivyo zitanyamaza. Mafuta ya kupikia, vaselini, grisi ya gari na dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu havina nafasi hapa. Vyote huvuta vumbi, na katika mji huu vumbi halihitaji kuitwa.

Vitufe virefu kama cha nafasi na Shift vikianza kugongagonga, ni waya wa kuvisawazisha umekauka grisi au umeshika kutu. Utoe, usugue, uupake grisi kwenye ncha mbili, uurudishe.

Vifuniko vyenyewe vikiwa vimechubuka, vimepauka au vimelainika kama peremende, aliyefanya hivyo alitumia asetoni, ambayo imo katika dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha. Asetoni huyeyusha plastiki ya ABS, na hakuna tiba ila vifuniko vingine.

Kibodi yenye betri

Hapa sitoi maelekezo ya kutengeneza. Kibodi isiyo na waya ikipata maji, kisha betri ikavimba, ikawa na joto bila kuchajiwa, au ikatoa harufu tamutamu ya kemikali, itoe nje ya nyumba, uiweke juu ya mawe au mchanga mbali na kitu kinachoungua, na usiitoboe wala kujaribu kuichaji ili kuona. Betri ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi inaweza kushika moto saa kadhaa baadaye. Betri ikiwa inaonekana salama, bado iondolewe na mtu anayejua kabla ya kuosha ubao, na isirudishwe hadi ubao ukauke kabisa.

Ilipona, kisha ikaugua tena baada ya wiki

Lalamiko hili huletwa kwa hasira, na mara nyingi fundi ndiye hulaumiwa. Ikirudi kwenye vitufe vilevile, mabaki yamejificha chini ya swichi, kati ya plastiki yake na ubao, mahali ambapo mswaki haufiki. Hapo swichi ing'olewe, ubao usafishwe chini yake, na swichi mpya iwekwe. Ikirudi kwenye vitufe vingine vilivyo jirani, kutu inatembea, na ni lazima ubao wote ufunguliwe na kuoshwa upya. Ikirudi usiku tu au wakati wa mvua tu, ni utando wa chumvi, soma tena sehemu ya kibodi inayoandika yenyewe.

Kwa sababu hiyo, kibodi iliyopona isikabidhiwe siku ileile. Iweke kwenye kompyuta ya zamani siku saba, kila jioni ubonyeze kila kitufe mara kumi ukitazama kinachoandikwa, na uandike pembeni kitufe chochote kilichosita hata mara moja. Kikiwa kilekile siku mbili mfululizo, usingoje siku ya saba; fungua bodi uangalie chini yake.